Pointi za Baba Moraa

Kuna dawa fulani ya kupulizia ndani ya viatu vya kukodi. Harufu yake si mbaya wala si nzuri. Ni kama mtu amefua soksi za ukoo mzima kwa marashi ya ndimu. Majira ya baridi yaliyopita niliinusa tena kule Lakeville, huku ughaibuni, mtoto wa binamu yangu alipofanyiwa sherehe ya kuzaliwa kwenye ukumbi wa bowling, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini. Nilikuwa nimejipangia kukaa kidogo, kula keki, kusingizia kichwa kinauma, kisha kurudi kwenye blanketi langu. Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa ndani. Binamu husema nikionekana nje, majirani hudhani nyumba inaungua.

Sasa nikawa nimesimama kaunta, viatu mkononi, nanusa. Kijana aliyenipa akauliza kama kuna shida. Nikamwambia hapana, viatu ni vizuri. Ningemwambia nini? Kwamba nimemkuta baba yangu humo ndani?

Ukumbi wetu sisi ulikuwa Brooklyn Park, nyuma ya duka la matairi. Siku hizi ni ghala ambamo watu huhifadhi makochi waliyogawana kwenye talaka. Lakini nilipokuwa mdogo ulikuwa na njia za mbao zilizopakwa mafuta mpaka zikang'aa kama paji la uso la bwana harusi, na hewa yake ilikuwa chipsi, bia iliyomwagika zamani, na hiyo dawa ya viatu. Pini zikianguka zote kwa pamoja, mlio wake ulikuwa kama kabati la sufuria limeporomoka jikoni kwa jirani. Ligi ilikuwa Jumapili mchana, jambo lililotufaa sana sisi Wasabato: Jumamosi tunashiba mahubiri, Jumapili tunakwenda kuangusha vitu.

Timu yetu iliitwa Ngurumo. Wa kwanza alikuwa Anko Zablon, ambaye hakuwa anko wangu wa damu. Alikuwa anko kwa sababu alikuwa Mkisii mwenye gari. Alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na mara nyingi alikuja moja kwa moja kutoka shifti akiwa na sare yenye picha za bata. Akishaachia mpira aliusindikiza kwa maneno, sauti ile ile ya kumwinua mgonjwa kitandani: twende mama, taratibu, mguu wa kulia, vizuri sana. Mpira ukiingia mfereji wa pembeni, alitutangazia kwamba mgonjwa amekataa dawa.

Wa pili alikuwa Bwana Mshana, Mtanzania, mhasibu, mtu aliyepiga pasi hata fulana ya kuchezea. Kazi yake nyingine, ambayo hakuna aliyempa, ilikuwa kusahihisha Kiswahili cha Wakenya. Ukisema hizi pini imeanguka, alisimamisha mchezo. "Zimeanguka, mwanangu," alikuwa ananiambia. "Pini ni nyingi, nazo zina heshima zao." Kama maandishi yangu haya yanasomeka, mshukuruni yeye. Sekondari niliyomaliza huku haikunifunza hata neno moja.

Wa tatu alikuwa mama. Alirusha mpira kwa mikono miwili, uso ameugeuza pembeni, kama mtu anayetupa nje panya aliyekufa, na pini zikaanguka kwa hofu. Wa nne alikuwa baba.

Kwenye skrini iliyoning'inia juu ya njia, majina yalijipanga hivi: Zablon, Mshana, Mama Moraa, Baba Moraa. Moraa ni mimi. Jina langu liliwaka mara mbili juu ya ukumbi uliojaa Wazungu, nami nikakaa chini yake nikila chipsi kama mwenye mji. Katibu wa ligi, bibi mmoja wa Kizungu aliyeitwa Marge, alidhani Baba ni jina la kwanza la baba yangu. Kwa hiyo mwanamke mwenye mvi nyeupe pe alikuwa anamwita baba yangu "Baba" mbele ya watu, nami niliona wivu, nikijiuliza tutagawana vipi.

Baba hakurusha mpira. Aliubeba kama mtu anayepitisha sufuria ya uji wa moto katikati ya watoto, akauweka chini, kisha akageuka na kurudi kukaa kabla haujafika. Hakutazama. Alisikiliza pini kwa mgongo, na mlio ukiwa mzuri, alinikonyeza.

Nikiwa na miaka tisa, nyanya alifariki huko Kisii. Baba ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee. Wazee walikuja kukaa sebuleni kwetu, viatu vyao vyenye theluji vimejaa mlangoni, wakaongea kwa sauti ya chini mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa nyuma ya kochi, makao yangu ya kawaida hata leo. Nilimsikia Anko Zablon, ambaye siku hiyo hakutania hata kidogo.

"Ukienda, Baba Moraa, umeenda. Unajua hivyo."

Baba aliweka kikombe chini. "Mama azikwe na nani, Zablon? Na majirani?"

Makaratasi yetu ya kuishi huku yalikuwa yamekufa zamani, ya baba, ya mama na yangu. Mtu akitoka nchini, mlango unafungwa nyuma yake. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokijua siku ile ni kwamba kule uwanja wa ndege baba alivua koti lake zito akampa mama, akasema jua la Kisii halitaki koti, nami akaniambia barafu ikiyeyuka atakuwa amerudi. Mama alilikumbatia lile koti akiangalia ubao wa ndege kwa makini sana, kama mtu anayetafuta safari yake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata tulikwenda ukumbini. Nilitazama juu, na Baba Moraa alikuwa bado pale, wa nne, mahali pake.

Ligi ilikuwa na sheria yake. Mchezaji akikosa kufika, timu hupewa wastani wake, ukipunguzwa pointi kumi za kumwadhibu kwa kutokuja. Mashine huzigawa kidogo kidogo, raundi kwa raundi, mpaka mwisho zitimie. Mtu haonekani, lakini nambari zake zinapanda. Sikuijua sheria hiyo. Nilichoona ni zamu ya baba kufika, hakuna aliyesimama, na pointi zikaongezeka kando ya jina lake. Nikamuuliza Anko Zablon baba anachezea wapi.

Alikuwa na chipsi mdomoni. Alizitafuna kwa muda mrefu kuliko chipsi zinavyohitaji.

"Kule kule nyumbani," akasema. "Anarusha huko, inahesabika huku."

Nilimwamini. Kwa nini nisiamini? Pesa zilitumwa hivyo kwa simu, sauti zilikwenda hivyo, hata mazishi ya nyanya tulikuwa tumeyasikia hivyo. Nikaanza kumshangilia. Kila zamu yake ilipofika nilisimama juu ya kiti na kupiga makofi, na wazee wakawa ghafla na kamba za viatu za kufunga. Nilimgeukia Bwana Mshana nikamwambia ona, Baba ameangusha tena. Bwana Mshana, aliyeweza kusimamisha mchezo kwa ajili ya silabi moja, alinitazama, akafuta miwani yake, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Ameangusha." Hilo hakulisahihisha.

Cha ajabu ni kwamba baba alikuwa hodari. Kila mchezo alimaliza na mia moja thelathini na mbili. Wengine walikuwa mashaka matupu, leo juu, kesho mferejini, lakini baba yangu hakuyumba. Anko Zablon aliposhindwa naye mara ya tatu mfululizo alirusha taulo chini akalalamika kwamba haiwezekani mwanamume mzima kupigwa kila wiki na mtu ambaye hata maegesho hakulipa. Wote walicheka, na mama akaenda chooni akakaa sana. Mafundi bomba wastaafu, mahasimu wetu wakuu, walimlalamikia Marge kwamba huyo Baba amekosa Jumapili nyingi mno kuliko sheria inavyoruhusu. Nasikia Marge aliwajibu kwamba yeye ndiye anayetunza sheria, na leo amezisahau nyumbani.

Baba alipopiga simu nilimpa ripoti. Nilimwambia jana alirusha vizuri sana, tumewashinda mafundi bomba. Nikasikia kuku wa watu huko nyuma.

"Ee," akasema. "Mkono ulikuwa mwepesi."

Barafu iliyeyuka. Koti lilibaki mlangoni, na mama akawa analipangusa vumbi kama samani. Nikahesabu kwamba labda anangoja fainali imalizike, maana mtu anayecheza vizuri hivyo kutoka mbali, ya nini kuharibu mkono kwa safari ndefu?

Fainali tulicheza na mafundi bomba. Mama alicheza mchezo wa maisha yake, panya waliruka kila upande. Anko Zablon alimbembeleza mgonjwa wake mpaka sauti ikakauka. Mwisho tukawa tunahitaji pointi chache tu, na aliyebaki alikuwa baba. Nilipanda juu ya kiti. Nilimwita kwa nguvu, nikiangalia skrini, nikidhani kelele nazo husafiri. Wazee hawakuangalia skrini; walijua hesabu tangu asubuhi. Nambari ilipanda, ikafika mia moja thelathini na mbili, ikasimama, nasi tukashindwa.

Jioni ile nilimnyang'anya mama simu. Nilimuuliza baba kwa nini hakujaribu. Nilimwambia kila siku nambari hiyo hiyo, kila siku hiyo hiyo, hata siku moja tu angeongeza kidogo.

Hakucheka. Alipumua kwanza, kama mtu aliyepanda kilima.

"Nisamehe, Moraa," akasema. "Nilirusha kwa nguvu zangu zote."

Msimu mpya ulipoanza, majani yakianguka, nilitazama juu na jina langu liliwaka mara moja tu. Wa nne alikuwa kijana fulani kutoka Woodbury mwenye glavu ya kumetameta. Niliuliza baba amehamishiwa timu gani. Mama alinishika mkono, akanipeleka kwenye gari, akawasha hita, hakuondoka.

"Baba yako hachezi," akasema. "Hajacheza tangu alipoondoka. Zile ni pointi wanazompa mtu asiyekuwepo. Na harudi, mama. Hawatamruhusu."

Aliniita mama, kama alivyozoea siku nikiwa na homa. Kisha tulikaa tukiangalia kioo kikijaa ukungu.

Baba aliishi miaka mingi bado. Simu zilipungua, si kwa ugomvi. Maneno tu yaliisha, tukabaki na hali ya hewa. Yeye alitutajia mvua, sisi tukamtajia theluji. Alipofariki nilitazama mazishi yake kwenye simu ya Anko Zablon, picha ikikwama kila mara, mara jeneza liko juu, mara halipo. Makaratasi yangu yalitoka mwaka uliofuata. Niliyaweka kwenye droo. Ninyi mnaonitania kwamba sitoki ndani, sasa mnajua nilivyojifunza: aliyetoka nyumbani kwetu mpaka barafu iyeyuke hakurudi tena.

Na nilikuja kuelewa ile nambari. Nilidhani baba yangu hayumbi kwa sababu ni hodari. Walio hai huyumba. Asiyeyumba ni yule ambaye hayupo.

Basi, Lakeville. Watoto walikuwa wameshaniandika kwenye skrini, Anti Moraa, wa mwisho. Zamu yangu ilipofika nilibaki nimekaa, nikitazama juu, nikisubiri nambari ipande yenyewe. Haikupanda. Pini zilisimama zikiningoja, watoto wakaanza kuniambia kwa Kiingereza chao kwamba mashine haiwezi kuendelea bila mimi.

Nikainuka. Niliubeba mpira kama sufuria ya uji, nikauweka chini, nikageuka kabla haujafika, nikasikiliza kwa mgongo. Sikusikia mlio. Mpira ulikuwa umeingia mferejini. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini, na kando ya jina langu ikawaka sifuri.

Niliitazama kwa muda. Baba angetoa zile mia moja thelathini na mbili zake zote, za kila Jumapili, apewe sifuri moja kama ile.