Kamera ya Sebuleni kwa Baba

Baba anaishi peke yake Kajiado, nami nimepanga nyumba Kitengela. Mama alipofariki nilimwekea kamera ndogo ukutani, juu ya televisheni, nikawa namwona kwenye simu nikiwa kazini. Mwanzoni alilalamika kwamba namchunga kama ng'ombe. Baadaye akaizoea, akawa anaisalimia kila asubuhi kwa Kimaasai, "Sopa!", yeye Mluhya mzima, kisha anainua kikombe cha chai nikione. Hakuna kitu nilichokipenda zaidi katika siku yangu.

Halafu ikasemekana kuna kasoro kwenye Wi-Fi, kwamba mtu aliye karibu na nyumba anaweza kupenya na kuona yanayopita hewani. Mimi na kiherehere changu nilifika Kajiado Jumamosi hiyo hiyo. Nilisasisha ruta, simu ya Baba na televisheni, nikabadilisha nywila. Kamera ilikuwa ya zamani, na walioitengeneza walishaacha kuitolea marekebisho. Sikutaka mgeni amchungulie baba yangu, kwa hiyo sikuiunganisha tena. Niliiacha pale pale ukutani, taa yake ikiwaka kwa umeme tu, nikipanga kuleta nyingine.

"Sasa uko salama, Baba," nilimwambia, na njia nzima nikajiona bingwa.

Kwamba simwoni tena, sikumwambia. Halikunijia hata kichwani, na hilo ndilo ninalolijuta mpaka leo. Kamera mpya ikawa ya kesho, mara ya mwisho wa mwezi. Nikimpigia simu jioni ananiambia yuko sawa, kwa maana si mtu wa kulia ugonjwa kwa simu.

Jirani yake ndiye aliyeniita. Nilimkuta Baba hospitalini, mguu umevimba, kidonda cha sukari kimeoza. Daktari alisema angeletwa mapema mguu ungepona. Waliukata chini ya goti.

Alipoamka nilishindwa kujizuia. "Baba, mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao. "Si nilikuwa nakuonyesha kila asubuhi? Naweka mguu kwa meza, nafungua bandeji, ndio uone vizuri."

Nilianza kulia. Akanishika mkono akinibembeleza mimi, yeye aliyekatwa mguu.

"Usilie, mama. Nilijua umeona, ni vile uko na kazi mingi."