Krismasi ya Sahani Zisizokataliwa

Watu wazima wana mambo yao ya kujivunia. Mmoja amejenga, mwingine amesomesha, mwingine ana fuso mbili za kupeleka mahindi ng'ambo. Mimi, nikiwa na miaka ishirini na tisa, karani wa wakala wa forodha pale Tunduma, shati limenyooshwa na kalamu mbili mfukoni, nilijivunia ujumbe wa kamati ya sikukuu katika gemu la kwenye mtandao. Cheo hakina mshahara, hakina hata barua. Lakini siku nilipopewa niliwanunulia soda wote waliokuwemo ndani ya intaneti kafe, mpaka mwenye kafe akaniuliza kama nimepata mtoto.

Gemu lenyewe lilikuwa la kuigiza. Unachagua mhusika wako, unampa jina na upanga, kisha unazurura misituni na watu wa nchi nyingine mkipigana na majoka. Kila mchezaji ana kijumba chake mjini. Lilikuwa gemu dogo, wenye nalo walikuwa wachache huko Ulaya, na kwa kuwa mikono haikuwatosha, waliwaachia wachezaji wa siku nyingi kazi ya kutunga sikukuu. Unajaza fomu: mtu afanye nini, ampe nani, lini, na asipofanya kitokee nini. Wao wanayaingiza kwenye gemu. Sikukuu nzuri, walituambia wanakamati, ni ile inayomrudisha mchezaji kila siku bila kumchosha. Mwenzangu mmoja alikuwa ametunga Pasaka ya kutafuta mayai na watu waliipenda sana. Nilimwonea wivu, sifichi. Nikasema mayai hata kuku anaweza, ngojeni muone Krismasi yangu.

Na hapa niseme ukweli, maana kwa uongo wangu nimeshalipa vya kutosha. Sikuitunga Krismasi ile kwa ajili ya wachezaji. Niliitunga kwa ajili ya mtu mmoja, kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, ambaye alikuwa hajanisemesha kwa mwaka mmoja na nusu.

Kaka alikuwa Johannesburg, fundi simu. Ndiye aliyenifundisha gemu lile, kabla hajaondoka, kwenye kafe hiyo hiyo, akinipiga makofi ya kisogoni kila nilipouawa na joka la kwanza. Baba alipofariki kwetu Itumba, kaka alipanda basi siku ile ile. Toka kule mpaka Tunduma, ukatize Zimbabwe na Zambia yote, ni siku tatu kama una bahati, na mipakani hakuna bahati. Wazee wakakaa, wakaniita mimi niliyekuwepo, wakaniuliza: tumsubiri mkubwa wako au tuzike? Kazini nilikuwa nimepewa ruhusa ya siku tatu. Nikasema tuzike. Tukazika siku ya pili. Siku ya nne nikaenda kumpokea mpakani, nikamwambia tumeshazika, naye hata mkono hakunipa. "Nani amesema msinisubiri?" aliniuliza. Nikajibu, "Wazee."

Uongo huo haukumaliza wiki. Shangazi alimweleza yote, naye akarudi zake kusini. Simu yangu akawa hapokei, na ujumbe hajibu. Nilimlilia mama aniombee, akanitazama akiwa anachambua maharage, akasema, "Hilo ni lenu. Mimi nilizaa watoto wawili, sikuzaa kesi."

Lakini kwenye gemu alikuwepo. Jioni nikitoka kazini nakuta taa ya kijani kando ya jina lake. Nikimwandikia, kimya. Nikimfuata msituni, anapanda farasi na kuondoka, nami nyuma yake nabonyeza vitufe kama mwendawazimu, mtu mzima mwenye kitambulisho cha kupigia kura nakimbizana na farasi wa kuchora. Jamani, nilikuwa na hali mbaya.

Ndipo nikapata wazo la sahani.

Sikukuu kwetu ni sahani. Mwenye kafe alikuwa mama Mwislamu aliyetoka Tanga kufuata biashara, na kila Idi aliniletea pilau. Krismasi nami nilimpelekea wali wa mchele wa Kamsamba na kuku, kuku mwenyewe nimempeleka kwanza kwa jirani yake Mwislamu akachinjwe ili mama aweze kula bila wasiwasi. Na sahani ina sheria zake ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Ukiletewa hukatai, hata kama umeshiba mpaka unapumua kwa shida. Huirudishi siku hiyo hiyo, utaonekana unataka kumalizana na mwenzio. Na hairudi tupu: utatia maandazi, utatia ndizi, ukikosa kabisa utatia hata chumvi, ilimradi isirudi tupu. Tena sahani ya heshima unairudisha mwenyewe, mpaka mlangoni kwa mtu.

Umeona mtego huo? Kaka akiletewa sahani hawezi kukataa. Akishakuwa nayo, itambidi aje mlangoni kwangu. Akifika mlangoni, itambidi tuongee. Nilijaza fomu ile kwa wiki mbili, kanuni juu ya kanuni, nikijiona mwerevu kuliko waliobuni mtandao wenyewe. Kwa wachezaji wengine niliweka zawadi: anayegawa sahani nyingi zaidi anapata joho jekundu. Mama mwenye kafe alisimama nyuma yangu akasoma, maana yeye kusoma kioo cha mteja hakuona kuwa ni kosa.

"Mwanangu, haya yote si ungempigia tu?"

"Hapokei, mama."

"Basi mwandikie ulichofanya."

"Hii ni bora. Hii ina zawadi."

"Haya," alisema, na ile haya ya Kitanga inakaa na mtu siku nzima. Akaenda kuwasha jenereta.

Jumamosi ya kwanza ya sikukuu niliomba ruhusa kazini mapema. Ukweli nilidanganya kwamba naumwa tumbo, na baadaye Mungu alinilipa. Ilikuwa raha tupu. Watu wa nchi ambazo sijui hata zipo upande gani walikuwa wanapelekeana sahani za wali, wanasalimiana milangoni, wanapigia makofi mapambo niliyochagua. Meza ya pili alikaa rafiki yangu wa Nakonde, muuza vipuri ambaye alivuka mpaka kuja kucheza nasi, naye akawa anashukuru kwa kila sahani kwa Kibemba chake, "Natotela! Natotela!" kana kwamba wanamsikia. Sahani yangu ya kwanza niliipeleka kwa kaka. Alikuwa amesimama kando ya kisima. Nikaiweka, gemu likamwandikia, "Umepokea sahani." Hakukimbia. Na mimi nilitoka pale kafe nikiruka madimbwi kwa furaha.

Jumapili nilitoka kanisani kabla ya matangazo, nikaenda moja kwa moja. Nilikuta balaa.

Unajua, mtu wa kwetu ana jirani wangapi wa kumletea sahani? Watatu, wanne, na mmoja wao mmekosana. Kwenye gemu kila mtu ni jirani wa kila mtu, na wote walikuwa wanalitaka joho. Mfuko wa mchezaji una nafasi arobaini. Usiku mmoja tu, mifuko ilijaa sahani arobaini. Ikija ya arobaini na moja, kwa kuwa sahani haikataliwi, gemu lilifanya kama nilivyoliambia: liliipokea, na ili ipate nafasi likamvua mtu kitu kingine. Panga zikadondoka, ngao zikadondoka. Mashujaa waliochukua miaka kujijenga walikuwa wamesimama mbele ya joka wakiwa wamebeba wali. Basi warudishe, si ndiyo? Hawawezi. Sahani hairudi tupu, inabidi utie kitu, na hicho kitu cha kutia hakina pa kukaa kwa sababu mfuko umejaa sahani. Farasi nao waligoma kubeba watu wenye mzigo ule. Mji mzima ulikuwa umesimama kama foleni ya malori ya mpakani, ila mizigo yenyewe ni wali.

"Ndugu yangu," alisema muuza vipuri, sauti imeshuka, "nimekufa mara tisa na sahani mkononi."

Malalamiko yalimiminika. Mchezaji mmoja aliniuliza, kwa hasira hasa, atupe vipi sahani hizi. Na mimi badala ya kuomba radhi nikamjibu kwa Kiingereza changu cha mpakani, kwa uzito wote, kwamba sahani ya watu haitupwi. Nilimaanisha. Nilimshangaa amelelewa wapi. Mama mwenye kafe alicheka mpaka akakaa chini kwenye kreti ya soda. "Umewafungia watu adabu kwa kufuli," alisema, "na ufunguo umeumeza."

Katikati ya mji uliokwama, kaka naye alikuwa amekwama. Bado kando ya kisima, sahani arobaini, farasi hataki. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu asingeweza kunikimbia. Nilikwenda nikasimama mbele yake, mhusika wangu na mhusika wake, pua kwa pua. Nilichokuwa nimekitafuta kwa wiki mbili za fomu nilikuwa nimekipata. Unajua niliandika nini?

"Heri ya Krismasi."

Basi. Hilo tu. Nikaona aibu, nikatoka nikalipia muda nikaenda nyumbani.

Jumatatu mchana, nikiwa kwenye mapumziko ya chakula, nilikuta barua ya wenye gemu. Ya kistaarabu mno. Walinishukuru kwa mchango wangu, wakasema wananipumzisha ujumbe wa kamati, na kwamba sahani zote zitafutwa baada ya saa moja ili watu waendelee na maisha yao. Nilimsomea mama mwenye kafe. Nilitegemea anipe pole.

"Saa moja ni nyingi," alisema. "Au na leo unataka umtakie heri ya Pasaka?"

Kaka alikuwepo pale pale. Nikakaa, nikaandika kabla woga haujaniwahi. Kwamba si wazee waliosema asisubiriwe. Kwamba waliniuliza mimi, na mimi ndiye niliyesema tuzike. Kwamba hakukuwa na sababu nyingine ya maana, nilikuwa na ruhusa ya siku tatu na niliogopa kufukuzwa kazi. Kwamba nilipomwona anashuka kwenye basi nilishikwa na hofu nikawasingizia wazee. Nisamehe, kaka. Nikabonyeza kabla sijaisoma tena, na matokeo yake nusu ya maneno yalikuwa na makosa, mimi karani wa kujaza fomu za forodha.

Ilichukua muda. Watu wa pembeni wanachapa barua za kuomba kazi, jenereta inanguruma nje, mimi natazama kisima cha kuchora.

"Hayo nayajua," aliandika hatimaye. "Shangazi alinieleza."

Kisha: "Basi lilisimama Lusaka masaa mengi. Nikashuka nikanunua shuka jeupe la kumfunikia mzee. Nilichagua duka zima, nikataka lile zito. Nimefika nalo huko nimekuta kaburi limeshakauka juu. Ninalo mpaka leo. Sijui nilifanyie nini."

Nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga, nililia kwa sauti, mpaka wachapa barua wakaacha kuchapa na mama mwenye kafe akaja kuniwekea mkono begani. Mwaka na nusu nilikuwa nimejiambia kaka amenuna, ana hasira za bure, kukaa kusini kumempa kiburi. Sikuwahi kufikiria alikuwa amebeba nini kwenye basi lile.

Saa ilipofika sahani zikafutwa. Wachezaji wengine walitawanyika kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, wakatuacha mimi na yeye. Angeweza kuondoka. Aliandika tena.

"Mama akiondoka, utanisubiri?"

"Nitakusubiri. Hata wiki mbili. Kazi ikienda iende."

"Wewe? Unavyoogopa kazi hivyo?"

"Naapa, kaka."

Akaandika, "Usiape. Nitumie namba ya bosi wako. Siku hiyo nitakuombea ruhusa mimi mwenyewe."