Kazi Haijajulikana

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na wiki sita, na mimi, shangazi yake, sikuwa nimempakata hata mara moja. Kila nikifika kwetu Guta, wifi anakumbuka kwamba mtoto ananyonya, au amelala, au ana mafua. Mafua ya wiki sita! Nilijua sababu, na ilinichoma.

Nimerithi jina la bibi mzaa baba. Nimerithi pia mwanya wake na macho yake mekundu. Baba huniita "mama", kama desturi ilivyo. Lakini bibi alikufa akiitwa mchawi, na jina likanijia na mzigo wake. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," niliwahi kuwasikia ndugu wakisema nyuma ya zizi, na hapakuwa na nyoka.

Kazi yangu naifanyia chumbani kwangu Bweri, kwa kompyuta: nakisia kazi za protini. Ndani ya chembe hai kila protini ina kazi yake. Hii inakata, ile inabeba, nyingine ni sumu. Kompyuta haizioni zikifanya kazi. Inasoma mpangilio wa protini ngeni, inatafuta inayofanana nayo kati ya zilizokwisha kuandikwa, kisha inaipa kazi ya mwenzake. Mara nyingi inapatia, lakini mimi huiangalia kwa jicho la pembeni.

Wiki hiyo nilikuwa na protini za bakteria waliotoka kwenye dagaa wanaoanikwa Makoko. Moja ikaandikiwa: sumu. Nikashtuka, maana dagaa wa huko ndio niliokula mchana. Kisha nikaanza kushuku, nikafuata lile neno lilikotoka. Lilinakiliwa kutoka protini nyingine, iliyonakili kutoka nyingine, nayo kutoka nyingine tena, mpaka nikafika kwenye moja ambayo hakuna maabara iliyowahi kuipima. Mtu mmoja alikisia, wengine wote wakanakili.

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, nikampigia baba simu.

"Baba, nani alimwona bibi akiroga?"

"Mama, mambo hayo achana nayo."

"Nani alimwona?"

"Mimi nilisikiaga kwa baba yako mkubwa. Lisemwalo lipo."

Baba mkubwa anaishi Butiama. Jumamosi nikaenda, nikamkuta barazani anapukuchua mahindi. Aliutazama mwanya wangu kwanza, ndipo akaitikia shikamoo.

"Mimi? Mimi sikuona," akasema. "Kuna mama mmoja jirani alikuwaga anasema."

"Yeye aliona?"

"Aa, yeye naye waliambianaga huko kisimani."

Jirani huyo alishakufa, na aliyemwambia kisimani hakuna anayemkumbuka. Miaka yote hiyo, neno la kisimani! Nilitaka kulia. Nikaishia kumsaidia kupukuchua, kwa hasira, mpaka vidole vikauma.

Jioni nikarudi Bweri, nikafuta neno sumu kwenye ile protini, nikaandika: kazi haijajulikana. Sikuitakasa. Huenda ni sumu kweli, lakini ipimwe kwanza.

Jumapili nikaenda Guta. Mbele ya kaka na wifi nilimweleza baba safari ya lile neno tangu kisimani. Kaka akatazama chini. Baba alikuna kichwa muda mrefu.

"Kumbe hata mimi sijuagi," akasema. Hakuna aliyeniomba radhi.

Wifi alikuwa amekaa, mtoto kifuani, akinitazama kwa mashaka yale yale. Nami nilimtazama kwa mashaka yangu, nikiyangoja mafua.

"Wifi," akasema, "hiyo kompyuta yako inaweza kusema huyu atakuwaga mtu gani?"

Akaifunua khanga kidogo. Kwa mara ya kwanza nikamwona mtoto vizuri: paji la bibi, masikio ya bibi. Ule ulikuwa uso wangu. Kumbe hofu yake haikuwa kwangu tu. Alimwogopa hata mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Haiwezi," nikasema. "Kazi yake haijajulikana."

Akafikiri, kisha akaninyooshea mtoto.

"Mshike basi. Lakini mimi nakaa hapa hapa."

Nikampakata. Wifi hakuuondoa mkono wake kwenye mguu wa mtoto, wala macho yake usoni pangu, na sikumlaumu. Katika ukoo mzima, alikuwa mtu wa kwanza kunipima.