Matunda ya Mjomba kwa Jina la Etek

"Etek, kwa nini matunda ya Mjomba yanaandikwa jina lako?"

Nilikuwa na miaka tisa nilipomuuliza hivyo, tena mbele ya mizani, watu wakisikia. Yeye ni Yusmiar, mdogo wake mama; kwetu mama mdogo huitwa Etek. Alinituma nikafukuze kuku kwenye mpunga, na siku hiyo hatukuwa tumeanika mpunga wowote.

Etek alikuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa michikichi, kaya ishirini na sita. Kiwanda kilitaka kujua kila mkungu umetoka shamba gani, maana wanunuzi wa nchi za mbali walisema hawataki tena mafuta ya msitu uliokatwa. Kila shamba likachorwa ramani. Kila baada ya wiki mbili, siku ya mavuno, Etek alitia saini fomu kwamba lori lote ni safi. Kaya moja ikidanganya, zote zinafungiwa. Kwenye mafunzo watu wote waliitikia kwa kichwa, hata Mjomba Basrizal, aliyekula keki tatu za wageni.

Shamba la Mjomba lilikuwa ng'ambo ya mto, ndani ya msitu wa hifadhi.

Kwetu ardhi ya ukoo inarithiwa na mabinti. Bibi alipofariki, mama alipata upande wa juu, Etek upande wa chini, na Mjomba, kaka yao mkubwa, akapata kazi ya kututunza sisi watoto wa dada zake. Sare zangu za shule alinunua yeye. Atanunua kwa pesa gani, na hana hata shina moja la mchikichi? Akachukua panga, akavuka mto. Mimi nilidhani anakaa kule kwa sababu anapenda nyani.

Basi mavuno yake yakawa yanaingia kwenye lundo la Etek. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyesema, kwa kuwa karibu kila mwanamke pale ana kaka.

Nikiwa na miaka kumi na tatu akaja mkaguzi kijana na kishikwambi chake. Akatazama hesabu za Etek, akatabasamu. "Hekta mbili zinatoa tani saba kwa mwezi? Labda unaimwagilia michikichi maziwa, mama."

Watu walicheka. Etek naye alicheka.

Mkaguzi alisema atarudi mwezi unaofuata. Jioni ile Mzee Nasril, mwenyekiti, alikuja kumwambia Etek achague: matunda ya kaka yake au kaya ishirini na tano. Etek aliomba aache ukatibu. Mzee akakataa. Nani mwingine wangemwamini, alisema, na alisema kwa dhati kabisa.

Siku ya mavuno Mjomba alifika na pikipiki, vikapu viwili vimefurika. Etek alisimama mbele ya mizani.

"Leo siwezi kuyapokea, Kaka."

"Mizani imeharibika?"

"Haijaharibika."

Mjomba aliwatazama watu waliopanga foleni, mmoja mmoja. Wakawa wanatazama ndala zao. "Haya, Yus," akasema taratibu. "Basi wewe ndiye uliyeharibika."

Akageuza pikipiki. Kuanzia hapo alimuuzia dalali wa barabarani, asiyeuliza shamba liko wapi na anayelipa bei ya chini. Wiki hiyohiyo, nikienda shule, niliona lori la dalali likiingia geti la kiwanda kilekile. Mjomba hupaka vikonyo vya mikungu yake rangi ya bluu. Niliiona bluu hiyo juu kabisa ya shehena. Nilipomwambia Etek, alisema anajua, akaendelea kukata vitunguu. Kikundi chetu kilipewa cheti. Kimetundikwa sebuleni kwake.

Mwaka jana walikuja kumposa binti yake, Welda. Kwetu bila mjomba hakuna posa, na Etek hakulala wiki nzima akiwaza kama kaka yake atakuja. Alikuja. Alivaa kofia yake nyeusi, akaketi nafasi yake, akasema maneno yote yanayopasa kusemwa, kwa upole. Chakula kilipoletwa, rendang, nyama ya tui la nazi ambayo Etek alikuwa ameikoroga tangu alfajiri, aliomba maji tu. Kisha akaaga.

Etek aliirudisha sahani ile jikoni ikiwa imejaa. Nilimfuata. Nilikuwa nimefika miaka kumi na saba, na sijui kwa nini nilichagua saa ile, lakini nilimuuliza tena lile swali la mizani.

Alifunika sahani kwanza.

"Mama alitupa ardhi mimi na mama yako. Kaka hakupewa hata pa kuchimba shimo. Nisingeweza kumpa shamba, si mali yangu peke yangu, ni ya Welda na watoto wake. Jina langu ndilo nililoweza kumpa. Na hilo nalo nikamnyang'anya, watu wakiangalia."