Sahani za Maulidi na Programu Yangu ya Kwanza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniachia macho mpaka uzeeni ili nisome herufi nyingine zaidi ya zile nilizofundishwa chuoni nikiwa mdogo. Namshukuru kwa subira aliyonipa, na namshukuru zaidi kwa subira aliyompa mke wangu, maana katika haya nitakayosimulia iliyotumika sana ni ya kwake.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Magomeni, Mtwara. Kila mwaka tunasoma maulidi ya watoto, na baada ya sala ya adhuhuri watu wanakula. Mkuu wa jiko ni mke wangu. Ameishika kazi hiyo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Mwaka juzi pilau ilipungua. Wageni wetu wa kijiji cha Mpapura, ambao gari lao lilichelewa, walikuta masufuria yamekwisha, wakala ukoko na kachumbari. Walikula kwa adabu, wakashukuru, na adabu hiyo ndiyo iliyomuuma mke wangu. Wangelalamika, angalau angepata wa kujibizana naye.

"Mara hii wakila ukoko tena," aliniambia maulidi ya mwaka jana yalipokaribia, "jiko nalikabidhi. Na wapo wanaolingojea."

Nilijua wapo. Walishaanza kumuuliza kwa huruma kama miguu haimsumbui.

Wakati huo nilikuwa najifunza kompyuta. Binti yangu alinipa kompyuta mpakato yake ya zamani, na jirani yetu, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, alikuwa akinifundisha kuandika programu ndogondogo baada ya alasiri. Yeye ni Mkristo, umri wake ni wa mwanangu wa mwisho. Ananiita maalim na mimi namwita mwalimu, ikawa darasa zima lina walimu na halina mwanafunzi.

Nikaona nimsaidie mke wangu. Programu ingeuliza kila nyumba watakuja watu wangapi, ingejumlisha, na mwishoni ingesema zipikwe kilo ngapi za mchele. Niliiandika kwa siku nne. Ilipokubali kufanya kazi kwa mara ya kwanza nilisujudu sijda ya shukrani, kisha nikamwita mke wangu aijaribu.

Kioo kikamuuliza: Watakuja wangapi? Akaandika kwa kidole kimoja: inshallah.

Maandishi mekundu ya Kiingereza yakajaa juu hadi chini, programu ikafa.

"Imekasirika," akasema.

"Ilitaka namba."

"Na mimi nilitaka kumtanguliza Mungu. Umeifundisha nini siku zote hizi, maalim, kama hata inshallah haiijui?"

Nikaipeleka kwa jirani. Alishuka na mistari mpaka chini, akapanda nayo tena.

"Maalim, hii umeiandika au umeimwaga?"

Kweli ilikuwa imebanana kama dagaa kwenye tenga. Mahali pa kuhifadhi namba nilikuwa nimepaita kwa majina ya herufi moja moja, a, b, k, s, na palikuwa na s nyingine niliyoiita ss ili zisigombane. Nikajitetea kwamba kompyuta imeelewa yote.

"Kompyuta imeelewa. Wewe je? Hii ss ni ya nini?"

Nikaitazama. Juzi tu nilikuwa naijua.

"Ni ya muhimu," nikasema.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nami nikacheka, ingawa moyoni nilikuwa nawaomba radhi watoto wote niliowahi kuwafutisha mbao zao kwa kubananisha maneno. Tukaanza upya. Ile a ikawa watu_wa_nyumba, k ikawa kilo_za_mchele, na ss baada ya uchunguzi ikaonekana haifanyi kazi yoyote, ilikuwa imekaa tu kama mgeni asiyejulikana kaalikwa na nani. Hesabu niliyokuwa nimeiandika mahali patatu akanifanya niiandike mahali pamoja, niwe naiita ninapoihitaji. Akanifanya niache nafasi kati ya fungu na fungu. Nilipomaliza nikaisoma kwa sauti, na ikasomeka.

"Sasa majibu ya watu," alisema. "Usimwamini anayeandika, maalim. Si kwamba ni mwongo. Ana vidole."

Basi nikaifundisha programu kwamba ikipewa kisicho namba isife, bali iombe tena. Ujumbe wa kuomba niliutunga mwenyewe. Ulianza na salamu, ukafuatia na kuomba radhi kwa usumbufu, ukaeleza kwamba jibu la ndugu mpendwa limepokewa kwa heshima zote isipokuwa halikuwa namba, ukamalizia na dua.

"Mpaka mtu aumalize huu," akasema mwalimu wangu, "pilau imepoa."

Tukaufupisha: Tafadhali andika namba, mfano 4. Salamu niligoma kuifuta. Ikahamia mwanzoni mwa programu.

Jumamosi iliyofuata niliiweka kompyuta kwenye meza barazani pa madrasa, saa ambayo akina mama wanakuja kuchukua watoto. Mama wa kwanza akaulizwa watakuja wangapi, akaandika: tupo. Programu haikufa. Ikaomba namba kwa upole. Akaandika: alhamdulillah. Ikaomba tena. Akaandika: wa kutosha. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Maalim, mashine yako ni king'ang'anizi kama karani wa sensa," akasema yule mama.

"Iandikie namba tu, mwanangu."

Akaandika 1, ikamshukuru, akaondoka. Aliyefuata alikuwa ameona njia ilipo. Naye akaandika 1, na aliyemfuata vilevile, kila mmoja ana watoto watatu wanaomvuta kanga. Foleni ilikwisha upesi sana.

Nyumbani nikamwonyesha mke wangu jumla kwa fahari: watu thelathini na mmoja.

"Thelathini na mmoja," akarudia taratibu. "Maalim, waliokula ukoko peke yao walikuwa zaidi ya hapo."

Akakaa chini. Nilimwona anakaza uso kama anayejiandaa kupokea habari mbaya kwa heshima, na hapo nikaacha kuiona kazi ile kuwa mchezo. Hiyo ndiyo programu niliyoiona nzuri: ilikataa maneno yote ya kweli ikapokea namba zote za uongo.

Kosa lilikuwa langu, tena la kizembe. Huku kwetu mama hatamki mbele za watu ana watoto wangapi. Atasema wapo, au Mungu amenijalia. Kumhesabu mtoto ni kumwonyesha kwa mwenye jicho baya. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba kheri na shari ziko mikononi mwa Mungu peke yake, na bado nilipoulizwa na karani wa sensa idadi ya wajukuu zangu nilimjibu "wapo" kabla sijajisikia. Nilipomweleza jirani yangu alijipiga paji la uso.

"Hata bibi zangu kule nyumbani hawahesabu," akasema. "Nimesahau kwa sababu ya kusoma."

Tukawa tunashauriana jinsi ya kuwabana: programu ikatae 1, au iulize mara mbili. Mke wangu alikuwa anachambua mchele pembeni, wala hakuinua kichwa.

"Ulizeni sahani," akasema. "Nani anaogopa kuhesabu sahani?"

Nikabadilisha swali: Tukuwekee sahani ngapi? Jumamosi ya pili namba zikatiririka. Saba. Tisa. Mmoja akaandika 8 kisha akanigeukia: "Na za kubeba je? Bibi yangu hatembei." Wengine nyuma yake wakaitikia. Mke wangu, aliyekuwa kasimama mlangoni na mikono kiunoni, akasema polepole, "Hizo. Hizo za kubeba ndizo zilizonimaliza mwaka jana." Nikaongeza swali la pili papo hapo.

Sasa, mwalimu wangu alikuwa amenishauri niweke na kikomo, ili mtu akibonyeza sifuri moja zaidi tusije tukapikia mkoa mzima. Mimi kwa bidii ya mwanafunzi niliweka kumi na tano, na kila kinachozidi kikataliwe. Tulikuwa karibu kumaliza alipotokea mama mtu mzima, mjumbe wa wale wageni wa Mpapura, ameshuka mjini kwa shughuli zake. Nikamkaribisha kwenye kiti. Akaandika 45. Programu ikajibu: Namba hii hairuhusiwi. Akaandika tena, kwa nguvu zaidi. Hairuhusiwi. Mara ya tatu akainua mkono kutoka kwenye kompyuta.

"Mwaka jana tulipewa ukoko," akasema, bila hasira, akitafuta mkoba wake. "Mwaka huu tumezuiwa mlangoni. Si neno, maalim. Mtusalimie watoto."

Mke wangu alinitazama.

"Dada yangu, nakuomba ukae," nikasema. "Aliyekukatalia ni mimi, si mashine. Nipe dakika tano."

Mke wangu akamletea maji na maneno ya upole, nami nikaifungua programu. Mistari ilikuwa imepangwa, kila kitu kinaitwa jina lake, nikaona sahani_nyingi_mno imekaa pale pale nilipoiacha. Nikafuta kukataa, nikaweka kuuliza. Mgeni akarudi kwenye kiti, akaandika 45.

Umeandika 45. Ni sawa? Ndiyo au hapana.

Akaandika: ehee.

Tafadhali andika ndiyo au hapana.

"Si nimeiambia ehee?"

"Umeiambia, dada. Ni mimi tena." Nikaongeza ehee. Nikaongeza na naam, na eeh, na ndio isiyo na y, maana nilishaanza kuwajua watu wangu. Safari hii ikampokea, akacheka mpaka akashika meza.

Siku ya maulidi gari la Mpapura lilichelewa, kama ada yake. Walifika watoto wameshaanza kukimbizana uwanjani. Mke wangu aliwapakulia mwenyewe, sahani kwa sahani, akizihesabu kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka mtaa wa Shangani. Arobaini na tano, nyama juu, na za kubeba zikafungwa. Zikabaki sahani sita, akazipeleka kwa mwalimu wa Bukoba kwa mkono wake. Wale waliokuwa wanaulizia miguu yake walikuja kumwambia kwamba mwakani hawaoni mwingine wa kushika jiko. Akawaambia atafikiri. Alikuwa ameshafikiri, nilimsikia njiani akipangia kuni za mwakani.

"Programu yako imefanya kazi nzuri," aliniambia tulipobaki wawili na masufuria manne makubwa. "Sasa iambie ioshe vyombo."

Nikakunja kanzu, nikatafuta steli ya kusugulia masufuria.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akubariki katika elimu unayoijua na ile unayoianza. Akupe mwalimu anayecheka na mwenza anayekuambia ukweli, na ukikosea akujalie kosa lako lionekane mapema, kabla mgeni hajachukua mkoba wake. Amin.