Kasuku Wawili wa Nshamba

Baba mdogo aliwaua kasuku wangu watatu kwa kahawa, na mpaka leo hajasema samahani. Naanza na hilo ili ijulikane kwamba sisimulii habari za ndege tu.

Ni wale kasuku wadogo, wanaomzidi shomoro kidogo tu, wa kijani, wa njano na wa samawati. Ninawafuga Bakoba, mtaa wa mjini Bukoba, kwenye kibaraza cha nyumba anayopanga dada yangu. Nilipewa wawili na mwalimu wa kwaya aliyekuwa anahama, wakazaana hadi wakafika kumi na wanne.

Kila asubuhi natoa gazeti lililo chini ya tundu na kulitazama vizuri. Kinyesi kikiwa kigumu, cheusi na cheupe, nashukuru. Kikiwa majimaji natafuta mwenyewe ni nani. Kisha napuliza kikombe cha chakula. Kasuku humenya mtama na kuacha maganda juu, na mtu asiyejua huona kikombe kimejaa wakati ndege wanakufa njaa. Maji yao nayachemsha na kuyapoza. Mchicha nauosha mara mbili. Ndege hawa huficha ugonjwa mpaka wazidiwe, kwa hiyo namwangalia anayevimbisha manyoya na kusinzia mchana. Huyo namweka peke yake kwenye boksi, pembeni nimemwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa.

Aliyenifundisha hayo ni jike wa njano, mmoja wa wale wawili wa kwanza. Alikuwa anatua begani kwangu na kunisafisha kucha kwa mdomo wake. Watu wakinisemesha huwa nachelewa kupata jibu. Yeye hakuwa na haraka na mimi.

Mwaka jana mwenye nyumba alitaka kupaka rangi vyumba vyote. Harufu ya rangi ni sumu kwa ndege, mapafu yao ni madogo mno. Nikawatia kwenye maboksi yenye matundu, nikapanda nao basi hadi Nshamba, kwa baba mdogo.

Nilimkuta barazani na majirani wawili, wanatafuna kahawa. Kwetu kahawa iliyochemshwa na kukaushwa huwekwa kwenye kikapu kidogo, na mgeni hupewa punje hizo za kutafuna, akamwani, kabla hata hajaulizwa habari za safari. Nilimwamkia, nikapewa, nikatafuna. Baba mdogo alichungulia ndani ya maboksi.

"Wenzako wanafuga ng'ombe," akasema, "wewe unafuga manyoya."

Majirani walicheka. Nikawahamishia ndege kwenye tundu nililokuja nalo limekunjwa, nikawawekea maji, nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta kamba ya kulining'inizia. Niliporudi maji yalikuwa ya kahawia. Punje za kahawa zilizomenywa zilikuwa zinaelea ndani ya kikombe, na kasuku, ambao kiu ya safari ilikuwa imewabana, walikuwa wanakunywa na kuzidonoa.

Baba mdogo alieleza kwamba wameonekana wamechoka, kwa hiyo amewakaribisha. Mgeni wa nyumba yake hapiti bila kahawa, hata awe na mabawa. Majirani wakacheka tena. Nilimwaga maji yale. Nilijua kahawa haifai kwa ndege. Kama inaua, sikujua.

Jioni ile watatu walikuwa wanatetemeka na kurukaruka bila kutulia. Asubuhi niliwakuta sakafuni mwa tundu. Jike wa njano alikuwa amekunja vidole kama anayeshika kitu.

Mke wa baba mdogo, ambaye namwita mama mdogo, alinishika mkono akaniambia pole. Baba mdogo mwenyewe alitazama tundu, akasema, "Bado unao kumi na mmoja. Hao wafukie kwenye mgomba, angalau mgomba ufaidi."

Nikawafukia. Nikiwa nachimba nilikuwa naomba Mungu anipe nafasi, na sikuwa naomba nafasi ya kusamehe.

Ilikuja baada ya miezi minne. Baba mdogo alipiga simu kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kuna tajiri mmoja wa Muleba, mnunuzi wa kahawa, ambaye mtoto wake alikuwa anatamani ndege kama wangu. Baba mdogo alikuwa amemwahidi makinda watakaozaliwa nyumbani kwake mwenyewe, na ahadi hiyo ameshaitangaza Nshamba yote. Alitaka nimpe dume na jike.

Nilikubali upesi hadi dada akanishangaa.

Kasuku hawa ukitaka kujua dume, tazama ngozi ya juu ya mdomo, pale penye matundu ya pua. Kwa dume mkubwa ni ya buluu, kwa jike ni ya kahawia. Nilichagua wawili wenye buluu, marafiki wa siku nyingi. Sikutaka wateseke, wao hawakunikosea. Niliwapeleka na tundu zuri na mtama, na mama mdogo nikamfundisha kupuliza maganda na kuchemsha maji. Kila nilichomfundisha kilikuwa kweli. Baba mdogo hakuniuliza yupi ni yupi, kwa sababu yeye huwa haulizi.

Wiki ya pili akapiga simu. "Wanalishana mdomo kwa mdomo kutwa nzima," akasema kwa furaha. Nikamwambia ndivyo walivyo. Madume marafiki hufanya hivyo, lakini hilo sikulisema. Mwezi uliofuata aliniuliza mayai yako wapi, nikamwambia avumilie. Mama mdogo alinisimulia kwamba majirani wale wawili sasa kila wakipita wanamuuliza kama wajukuu wamefika. Nilikata simu nikacheka peke yangu jikoni, na mtama niliokuwa nachambua ukamwagika.

Dada alinikazania mpaka nikamweleza. Akaniuliza nitasema ukweli lini.

"Siku akisema samahani," nikamjibu. "Jike wake yupo. Nimeshamchagua."

Wiki iliyopita baba mdogo alikuja Bukoba, akapita kwetu. Alikaa kibarazani akawatazama ndege kwa muda mrefu. Tajiri alikuwa ameacha kupokea simu zake, akanieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuchekwa. Kisha akauliza, "Yule wa njano aliyekufa kwangu, alikuwa jike?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Alikuwa anataga?"

"Mara tatu kwa mwaka."

Nilisimama karibu na mlango wa tundu, mkono juu ya komeo, jike wa kijani akiwa hapo hapo kwenye kijiti. Nilikuwa tayari. Neno moja tu lingetosha, hata alinong'one.

Akakohoa, akasema, "Basi ungenipa yule tangu mwanzo."

Nikatoa mkono kwenye komeo. Nilimfungia mtama wa mwezi mmoja, kwa ajili ya wale wawili, nikamsindikiza hadi barabarani, nikamwambia aendelee kuvumilia.