Kola Zisizo na Mashati

Tarehe 14 Februari 2011 alipata leseni ya duka la kushona sare za shule. Leseni hiyo bado imetundikwa ukutani, juu ya meza ya pasi, pembe zake zimejikunja kwa mvuke. Jina lililoandikwa humo halitumiki tena. Mtaa mzima humwita Mama Kola.

Jina hilo limetokana na utaratibu wake. Shule zikishafunguliwa Januari, kazi hukatika, na wenye maduka wengine huwaambia mafundi waende nyumbani, wataitwa. Yeye hamwachishi mtu. Wifi yake, anayeshona, na binti anayekata vitambaa hubaki dukani wakitengeneza kola tu, za mashati ambayo hayajaagizwa. Hulipwa nusu ya mshahara. Nusu ya pili huja msimu ukirudi, kola zikishapata mashati.

"Nusu shari kuliko shari kamili," wifi husema kila akipokea chake.

Juni mwaka huu, shule iliyo mteja wake mkubwa ilitangaza mtindo mpya: shati lisilo na kola. Stoo kulikuwa na magunia mawili ya kola za kijani.

Mama Kola hakuwaambia mafundi wake. Alivuka barabara kwanza, kwa mshonaji wa majoho ya mahafali, ambaye kazi zake hupamba moto wakati za mwenzake zimelala. Alijua jirani huyo amekwisha kumtupia jicho mkataji. Akamwomba amchukue kwa mshahara kamili, kisha amrudishe mwisho wa Novemba.

Jirani alicheka. "Mfanyakazi si sufuria, jirani, uniazime."

"Sufuria ikirudi na masizi nitaisugua. Huyu asiporudi, Januari sina duka."

Walikubaliana. Jioni, akiwa anafunga dirisha, akawaeleza wote wawili: habari ya shule, kisha habari ya jirani.

Mkataji alikuwa akikunja kipimo chake cha utepe. Hakuinua macho. "Kwa hiyo mmenipangia. Na mimi niliulizwa lini?"

Mama Kola aliliacha dirisha.

"Wifi," alisema wifi yake, "hata mbuzi wa kuuzwa huonyeshwa kamba."

"Yule wa ng'ambo ya barabara aliniita tangu Aprili," mkataji akaendelea. "Nilikataa kwa sababu ya ile nusu yangu iliyo kwako. Sasa niambie, Mama. Bado inangoja kola?"

Duka lina vyerehani vinne na mshonaji mmoja. Cha nne, cha miguu, ndicho Mama Kola alichoanzia kazi. Alikinyooshea kidole.

"Haingoji tena. Wiki hii nitawalipa, wewe na wifi. Ukishalipwa, kurudi ni hiari yako."

"Utauza kile?" aliuliza mkataji. "Nilidhani utazikwa nacho."

"Kaburi lina ngazi? Kitashukaje?"

Wifi ndiye aliyecheka kwanza. Mkataji alimaliza kukunja kipimo, akakitia mfukoni.

"Nitakwenda," alisema. "Novemba nitarudi, ila kwa mshahara kamili mwaka mzima. Kola sikati tena."

"Kwa mshahara kamili," alisema Mama Kola.

Jumamosi mnunuzi atakuja na mkokoteni kuchukua cherehani. Jumatatu mkataji ataanza kazi kwenye majoho.